Mashini Yenye Kungojea Mukubwa

Kitu ikipigiwa makofi mu mukutano, imepita. Kwetu Uvira njo vile. Hakuna kuhesabu mikono, hakuna kuuliza nani anakataa. Prezida wa komite anasema, "Basi tunapitisha?", watu wanaweka chupa za Fanta chini, wanapiga makofi, imeisha. Na siku ile walipigia makofi kartoni. Kartoni, nasema. Yenye kufungwa bado na gundi yake, na ndani mashini, ni kusema kompyuta, yenye hakuna hata mumoja wetu alikuwa ameiona sura.

Najua kuko wenye watasema huyu anaanza na hasira kama kawaida yake. Ndiyo, naanza nayo. Lakini acheni nieleze halafu mutaniambia mungekuwa na nini kingine.

Tulikuwa kikundi ya vijana wa Kilibula, mutaa wa Uvira, wenye kutengeneza roboti moja ya mashindano, sisi tunasema robo. Usifikirie robo ya kwenye televizyo. Ilikuwa sahani ya chuma juu ya magurudumu mane, motere mbili za kupangusa kioo tulizotosha kwa Hiace moja yenye ilichomwa kwenye barabara ya plaine, ule uwanda wa muchele, na mukono wa alminiamu yenye kuwa sufuria zamani. Kazi yake ilikuwa kukamata vifuko vidogo vya muchele upande huu wa uwanja na kuvipeleka upande ule, vingi kuliko robo ya wengine. Ni hiyo tu. Vita ilikuwa imeshuka tena plaine, masomo yanafunga na kufungua kama duka ya muntu mulevi, na sisi tulikuwa na robo.

Minye nilitoka Bwegera, kule plaine, na mama na godoro. Baba alibaki kuchunga muchele shambani, akisema hawawezi kuhamisha shamba. Kilibula nilikuwa na meza yangu ya kutengeneza telefone. Hakuna muntu alinifundisha. Nilijifunza kwa kuharibu telefone za watu na kukimbizwa, mpaka siku moja nikaona zinaanza kupona.

Yeye, musichana mwenye akakuwa pilote wetu, alitoka Bijombo, kule juu milimani. Ng'ombe za baba yake zilikamatwa, nyumba ikachomwa, akashuka kwa miguu mpaka kwa tantine yake, mama mudogo, ukuta kwa ukuta na sisi. Alikuja kwa meza yangu na redyo yenye kimya. Wakati nilikuwa naifungua, akaona robo chini ya meza, akauliza kama inaumaka. Nikamupa maneti, kile kishikio cha kuendeshea, ajaribu.

Hapa lazima nieleze maneti. Ile ya kwetu iko na vijiti viwili. Kijiti cha kushoto kinasukuma magurudumu ya kushoto, cha kuume kinasukuma ya kuume. Ukisukuma cha kushoto peke yake, robo inageuka kuelekea kuume. Vijana wote walishindwa hapo, ju walizoea maneti ya mupira wa televizyo kwenye salle, chumba ya michezo, kijiti kimoja tu, unakisukuma kule unataka kwenda. Yeye aligusa mara ya kwanza, akasimama nyuma ya robo, ikaenda mupaka mulangoni, ikageuka, ikarudi.

"Ni nani alikufundisha?" nikamuuliza.

"Ni kama ng'ombe. Ukimusimamia kushoto, anaenda kuume. Weye ulifikiri anaenda wapi?"

Kutoka siku ile hakuna muntu alibishana. Pilote alikuwa yeye. Minye nilikuwa mwenye kuchagua mashini na mwenye kuweka programe, na nilichagua ju ya mikono yake, si ju ya macho ya wapitaji.

Mashini niliyochagua, yenye kupokea maneti na kupeleka amri kwa robo kwa kamba, ilikuwa nyeusi, nene, ya mukono wa pili, yenye kutoka Bujumbura mu gunia ya nguo. Klavye ilikosa herufi zingine. Ekra, kile kioo, ilisimama ju ya waya niliyoifunga nyuma ya shingo yake. Unaicheka? Cheka. Lakini bateri niliijenga mwenyewe, na umeme ikikatika hata asubui yote, ile mashini inaangalia tu. Tundu zake za kamba zilikuwa zinakaza. Muntu akinunua mashini, anaangaliaka rangi na wembamba. Minye naingizaka kamba na kuitikisa. Ikichomoka, sitaki hata kujua bei yake.

Na kamba si kwa ujinga. Kwanza tulikuwa na maneti yenye kuongea kwa hewa, na kiantena kidogo. Siku moja tukapita nayo kwenye barriere ya askari ya kuelekea soko. Askari akakamata antena na vidole viwili.

"Hii unaongeaka na nani?"

"Na gurudumu, chef."

"Iko wapi gurudumu?"

"Njo hii, chef."

Akaweka antena kwenye sikio, akasikiliza sana. "Haisemi kitu."

"Ni gurudumu, chef. Haisemaka."

Pilote wangu akageuka pembeni ju ya kuzuia kicheko. Tulipita, antena haikupita. Nyuma ya ile siku nikasema: kamba. Hata bila barriere ningesema kamba, ju ukiweka watu mia mu salle moja, kila muntu na telefone yake, ile ya hewa inaanza kubabaika katikati ya mushindano. Kamba haijui kama jirani ako na telefone.

Sasa rudi kwa mukutano.

Prezida wetu alikuwa muntu wa masomo ya juu, mwenye kuvaa koti hata jua ikiwa inapika mawe. Akasimama, akasema Honorable, ule mukubwa mwenye tulimuona tu wakati wa kura, ametukumbuka. Ametuma mashini mupya kabisa. Akafunua kitambaa, kartoni ikaonekana juu ya meza na picha ya mashini mwembamba kama sahani. Watu wakasema eeh.

"Na kwa kuwa mashini ni ya kisasa," prezida akasema, "pilote naye atakuwa wa kisasa. Mupwa wa Honorable atatuendeshea."

Mupwa alikuwa amekaa pale mbele, kijana wa rika yangu, na miwani ya jua ndani ya nyumba. Hakujua hata robo inaanzia wapi.

Nikasimama. "Pilote tuko naye."

"Peti, kaa," prezida akasema. Peti, ni kusema mudogo, njo vile wananiitaka.

"Sitakaa. Pilote tuko naye, anakaa pale kwenye banki ya mbao. Alikosa nini?"

Hapo prezida akafanya ile sauti ya kupangusa kinywa. "Hakukosa kitu. Lakini tuangalie wakati tunapitia. Honorable atakuja, watu watakuja na telefone, picha itazunguka. Tuweke mbele yao muntu wa kule milimani, wataanza maneno, kusema ni wa adui. Si chuki. Ni hekima tu."

Si chuki. Maneno hiyo inanitia kinyaa mpaka leo kuliko tusi. Ule mwenye kutukana, unamujua, unamujibu, mumemaliza. Lakini huyu anakufungia mulango akiwa anatabasamu, anakuambia anakuchunga na baridi. Na wenzangu, wenye walikuwa wanakula viazi kwa tantine yake kila juma, wakaangalia vidole vya miguu yao.

Nikajaribu kwa njia ya mashini, ju niliona kwa njia ya muntu hawatasikia. "Sawa, prezida. Basi nipeni kartoni leo niifungue. Lazima niweke programe, lazima nijaribu maneti. Mashini mupya iko na maswali mingi."

Prezida akashangaa kweli, si kwa mchezo. "Kufungua? Mbele ya mwenyewe kufika? Honorable atafungua na mikono yake, mbele ya watu wote. Weye unafunguaka zawadi ya mukubwa kama muhogo? Ulilelewa wapi?"

"Bwegera."

Wakacheka. Hata mupwa akacheka.

"Prezida, mashini haiko kanisa ya kuzinduliwa. Siku ile itakuwa ni ya kushindana."

"Tunapitisha?" prezida akasema.

Makofi. Nikageuka kumuangalia pilote wangu, na yeye pia alikuwa anapiga. Polepole, mara chache, mikono karibu na magoti.

Tulirudi pamoja, sisi wawili. Njiani ikanishinda kuvumilia. "Ju ya nini ulipiga makofi?"

"Uliwaona wenye hawakupiga?"

"Ni minye tu."

"Na uliona vile walikuangalia. Weye watasema ni kichwa moto, wataenda kulala. Minye watasema nini?"

Nikamuambia tu: "Nitakuja na mashini yetu siku ile." Akasema, "Ya nini?" Nikasema, "Nitakuja nayo tu."

Ile majuma, mupwa alikuja kujaribu mara moja. Akakuta mashini nyeusi, akaigusa na kidole kimoja kama unagusa panya mwenye kufa. Akasukuma kijiti cha kuume ili aende kuume, robo ikaenda kushoto, ikagonga beseni ya mama. Akasema robo iko na kasoro. Nikamuambia kasoro ninaiona vizuri, imevaa miwani. Hakurudi tena, na prezida akanipa onyo mbele ya komite, kwa makofi.

Siku ya shindano, salle ya parokia ilijaa. Watu wa Kilibula, wenye kukimbia plaine, wanafunzi wa shule ya kuelekea ziwa wenye robo ya mbao, vizuri kabisa, siwezi kusema uongo. Grupe, jenereta, ilikuwa inanguruma nje, ju umeme haikuwapo. Honorable akaingia na walinzi, watu wakasimama. Hotuba. Hotuba ya kujibu hotuba. Muntu wa mikro akasifu kila kiti. Minye nilikaa pembeni na mashini yetu ndani ya gunia ya muchele kati ya miguu. Pilote wangu alikuwa nyuma kabisa, na tantine yake, kitambaa kichwani.

Halafu wakaleta kartoni na ruban, utepe nyekundu, juu yake. Honorable akakata ruban. Akatosha nilo, ile plastiki ya kufunika, polepole, telefone zote juu, kama anamuvua bibi arusi vele. Mashini ikatoka, nzuri kweli, nyembamba. Akabonyeza. Ikawaka. Watu wakapiga makofi.

Mashini ikasema bonjour.

Halafu ikauliza uko inchi gani. Prezida akajibu. Ikauliza klavye ya aina gani. Akajibu. Ikasema iunganishe na réseau. Hapo prezida akatazama juu kama réseau itadondoka kwenye dari. Ile siku internet ilikuwa inakuja na kutoweka, kila muntu Uvira anajua ju ya nini. Mupwa akatosha telefone yake, akaipa internet ya telefone. Mashini ikashukuru. Na ikaanza kitu yenye niliwaambia, niliwaambia kwa kinywa changu, mbele ya Fanta zao: ikaanza mise à jour, kujisasisha. Duara ndogo yenye kuzunguka, na chini yake maneno: usizime mashini.

Salle yote ikaangalia duara.

"Sasa robo inatembea?" Honorable akauliza.

"Inajitayarisha, Honorable," prezida akasema.

Ikaendelea kujitayarisha. Koti ya prezida ikaloa mugongoni. Muntu wa mikro akamaliza sifa, akaanza kusifu duara: "Mabwana na mabibi, muone technologie." Mama mumoja nyuma yangu akauliza jirani yake kama njo robo yenyewe ile yenye kuzunguka. Sikucheka. Ilinichukiza sana hata kucheka. Robo yetu ilikuwa pale chini, tayari, yenye motere tulizochokora na vidole kwenye majivu ya Hiace, na inangojea wamalize kuabudu kartoni.

Arbitre, mwalimu mumoja mwenye filimbi, akakaribia. Akasema shule ya ziwa iko tayari, na sisi tukikosa tunahesabiwa tumetoroka.

Prezida akakuja kwangu akiinama, anaongea kwa pua. "Peti. Ile ya zamani unayo?"

"Iko hapa."

"Iweke haraka. Mupwa aendeshe."

Nikaitosha mu gunia. Nikaingiza kamba, nikaitikisa, inakaza. Mupwa akakamata maneti mbele ya watu wote. Robo ikazunguka mahali pamoja kama kuku mwenye kamba mguuni. Akasukuma zaidi, ikazunguka zaidi. Vijana wa shule wakaanza kuimba. Arbitre akapiga filimbi, akasema anatupa nafasi ya kuanza tena, moja tu.

Prezida akanikamata mukono. "Mwite."

"Mwite nani?"

"Unajua."

"Sijui. Sema."

"Mwite dada."

Nikasimama, nikamwita, na minye sauti yangu haihitajikaka mikro. Akakuja polepole kati ya viti. Muntu fulani, mwanaume mukubwa na ndevu, akasema neno, lile neno wanawaitaka watu wa kule. Akalisema kama anakohoa. Nikageuka, akaangalia chini. Yeye hakugeuka. Akafika, akapokea maneti, akasimama nyuma ya robo.

Sijui nieleze namna gani. Robo ikatoka, ikachukua kifuko, ikarudi, ikatoka tena, bila haraka, kama kitu yenye kujua njia ya nyumbani. Yeye hakuangalia mikono yake hata mara moja. Robo ya mbao ya shule ilikuwa na mbio kutushinda, lakini ilikuwa inaangusha. Ya kwetu haikuangusha. Tukapita.

Basi ungefikiri imeisha. Hapana. Tulikuwa tunangojea finale, na mashini mupya ikamaliza mise à jour. Ekra ikafunguka, milima, bahari, jua ya bluu. Prezida akarudi na ile tabasamu, imefufuka.

"Vizuri sana. Sasa peti, hamisha programe, tuweke mupya. Mupwa amemuangalia, ameelewa."

Nilifikiri sijasikia. Nikamuangalia. Pilote wangu pia alisikia, alikuwa karibu, maneti bado mukononi. Akaanza kuiweka juu ya meza. Njo ile iliniua: vile aliiweka bila kuuliza, kama muntu mwenye alijua kutoka mwanzo itarudishwa.

"Unaweza kuhamisha ao hauwezi?" prezida akasema kwa sauti, ili Honorable asikie.

"Naweza."

"Basi fanya."

"Sitaki."

"Unasema nini?"

"Nasema naweza, na sitaki. Kamba ni yangu, programe ni yangu, bateri ni yangu. Ao yeye anaendesha, ao natosha vyote narudisha mu gunia, na mupwa asukume robo na muguu."

Wenzangu wa komite wakaanza kunivuta shati. Peti, tulia. Peti, unatupatisha haya mbele ya mukubwa. Haya. Walipokula neno la yule wa ndevu kimya, haya ilikuwa imekwenda wapi? Nilikuwa na vingine vya kusema, na ningevisema vyote. Lakini dereva wa Honorable aliingia, akamuinamia sikioni. Tulikaa karibu, tukasikia: milio ya bunduki imeanza upande wa juu, barriere zitafungwa mapema.

Honorable akaangalia saa. "Waache waendelee na huyu huyu. Minye niko na njia."

Njo hivyo pilote wangu alipata finale. Si kwa haki, si kwa maneno yangu mazuri. Ni kwa sababu mukubwa aliogopa barabara. Hata nikikumbuka ushindi, ile iko ndani yake kama mchanga mu wali.

Pilote akashinda. Finale ilikuwa na timu ya wakubwa wa chuo, wenye kuendesha na telefone, ya hewa. Mu ile kelele ya telefone za watu, robo yao ilikuwa inasimama, inafikiri, inaendelea, inasimama. Yeye akabeba vifuko vyote vya upande wetu. Watu wakasimama kwa kweli sasa, hata wale wa plaine wenye walikuwa wamenuna, na watoto wakapanda viti.

Honorable akaharakishwa mbele kwa picha. Mashini mupya ikawekwa katikati, ekra wazi, bila hata kamba moja ndani yake. Mupwa akavalishwa maneti shingoni. Muntu wa mikro akasema: "Mabwana na mabibi, mashini ya Honorable, mikononi mwa mupwa wake, imeletea Kilibula ushindi." Prezida ndiye alimunong'oneza, nilimuona.

Nilikuwa tayari kuruka. Lakini pilote wangu alikuwa ameshatoka. Alipita mbele ya walinzi, kitambaa kimeanguka mabegani, akanyoosha mukono kwa muntu wa mikro kama unamuomba muntu chumvi, na yule, kwa mshangao tu, akamupa.

"Bwana asifiwe," akasema. Watu wakajibu, kwa mazoea. "Robo niliendesha ni minye. Na mashini ni ile nyeusi pale chini. Minye natoka Bij..."

Mikro ikakufa. Grupe ilikuwa bado inanguruma, taa iliwaka bado. Ni mikro tu. Prezida alikuwa amesimama karibu na waya, anaangalia ukuta.

Akaendelea bila mikro, lakini sauti yake ni ndogo, haikufika kwenye viti vya katikati. Nikasikia nyuma watu wanaulizana: amesema nini, ametoka wapi, amesema nini huyu. Mama mumoja akasema amesema ni wa Baraka, ule muji wa chini kwenye ziwa.

Nikapanda juu ya banki. Nikasema amesema ni yeye aliendesha, na anatoka Bijombo. Nikarudilia. Prezida akasema peti shuka, nikarudilia. Kuko wenye walipiga makofi, wachache, mama wa kwanza alikuwa mama yangu. Kuko wenye walikaa, na kuko wenye walitoka wakitema mate mulangoni. Nimewakumbuka wote kwa sura.

Pilote wangu alikuja chini ya banki, akanivuta suruali.

"Imetosha. Wamesikia. Shuka."

"Bado," nikamuambia. "Kuko wa nje, wenye kuchungulia kwa dirisha. Wale bado."

Nikageukia dirisha.